Petroli ya Akiba Safarini: Beba ya Pengo, Si ya Hofu

Mwisho wa mwaka ukikaribia, barabara ya Morogoro hujaa pikipiki za masafa. Kuna wa vikundi vya pikipiki kubwa wanaokwenda kutembea, kuna bodaboda anayepeleka chombo nyumbani Njombe, kuna mtumishi aliyehamishiwa Katavi na ameona nauli ya basi na ya kusafirisha pikipiki hazilingani na mfuko wake. Zitazame pikipiki hizo kwa makini zinaposimama Chalinze. Nyingi utakuta zina chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa petroli, imening'inizwa kwenye usukani au imebanwa kwenye keria katikati ya mabegi. Muulize mwenyewe ya nini, atakujibu: "Ya dharura, kaka. Huwezi kujua."

Kumbe kujua kunawezekana, na kwa hesabu ya dakika tano tu. Wengi wanaobeba petroli ya akiba hawaihitaji, na wachache wanaoihitaji kweli huibeba kwa namna ya hatari kuliko kuishiwa wese porini. Ukiishiwa, utasukuma, utasubiri gari, utachelewa. Chupa ikipasuka juu ya ekzosi, hutapata muda wa kuchelewa. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: beba lita zile tu zinazoziba pengo kati ya sheli moja na nyingine, zibebe kwenye chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na zihamishie kwenye tangi mapema uwezavyo.

Hesabu kabla ya dumu

Anza kwa kujua pikipiki yako inakula kiasi gani. Usichukue namba ya kwenye kitabu wala ya fundi wa kijiweni. Jaza tangi hadi shingoni, andika kilomita zinazosomeka kwenye mita, endesha siku mbili tatu ukiwa na mzigo unaokaribiana na wa safari, kisha rudi sheli ileile ujaze hadi pale pale. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Pikipiki ya cc 125 au 150 isiyo na mzigo inaweza kukupa kilomita 50 kwa lita. Mpakie abiria, begi na upepo wa mbele, utashangaa namba hiyo inavyoshuka.

Ukishapata namba yako, ipunguze kwa robo. Robo hiyo ni ya mchanga, matope, mlima, kupotea njia na kurudi. Kama ulipata 40, hesabu safari kwa 30.

Sasa tafuta pengo, yaani umbali kutoka sheli ya uhakika hadi sheli nyingine ya uhakika. Neno uhakika lina uzito hapo. Sheli yenye pampu moja isiyo na umeme haihesabiki, wala meza yenye chupa kando ya barabara. Chukua mfano wa kaskazini mwa Kenya: Isiolo hadi Marsabit ni kama kilomita 260 za lami. Mwenye tangi la lita 11 na hesabu ya kilomita 30 kwa lita anakwenda 330 bila kuomba msaada. Huyo abebe maji ya kunywa, petroli ya pembeni ni mzigo wa bure. Akikata magharibi kutoka Marsabit kwenda Loiyangalani, ufukweni mwa Ziwa Turkana, hadithi inabadilika. Ni zaidi ya kilomita 200 za mawe na mchanga, na hana uhakika atakuta nini mwisho wa safari, hivyo inambidi ahesabu kwenda na kurudi.

Kwa Tanzania, iangalie njia ya Makongolosi hadi Mkiwa kupitia Rungwa na Itigi, kilomita 413 zinazopita mapori makubwa. Tuseme umehesabu pengo la kilomita 375. Ukigawanya kwa 30 unapata lita 12 na nusu. Tangi lina 11. Unachohitaji ni lita moja na nusu, sema mbili. Ni mbili, wakati jirani yako amefunga dumu la lita 10 nyuma ya kiti kwa sababu aliambiwa "huko hakuna mafuta". Mwenye pikipiki ya matope yenye tangi dogo la lita 8, inayokula lita moja kwa kilomita 28, akipunguza robo anabaki na 21. Huyo anahitaji lita 18 na ana 8. Pengo lake ni lita 10, na hapo ana jambo la kufikiria kwa kina. Nitarudi kwake mwishoni.

Bei nayo isikutie tamaa. Nchini Tanzania mdhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na nchini Kenya mwenzake, EPRA, hutangaza tarehe 14. Siku chache kabla ya hapo watu hujaza madumu kukwepa kupanda kwa bei. Shilingi utakazookoa kwenye lita tano hazilingani na hatari ya kuzunguka nazo kilomita 800.

Kinachowaka ni mvuke

Watu wengi huichukulia petroli kana kwamba ni mafuta ya taa yenye hasira kidogo. Tofauti ni kubwa. Mafuta ya taa, kwenye joto la kawaida, yanahitaji utambi au kupashwa ndipo yawake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa jua la Dodoma basi, kila chupa isiyozibwa sawasawa inatoa mvuke huo mchana kutwa.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai ukapotea, unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa kwenye mashimo na pembe za chumba, unasafiri mita kadhaa bila kuonekana hadi ukutane na jiko la mkaa, swichi au sigara. Na hauhitaji kuwa mwingi. Hewa ikichanganyika na mvuke huo kwa asilimia moja na nusu hivi tu, cheche moja inatosha. Ukipita asilimia saba au nane, mchanganyiko unakuwa mzito mno kuwaka. Ndiyo maana dumu "tupu" lenye matone machache linaweza kuwa la hatari kuliko lililojaa: ndani yake hewa na mvuke vinaweza kukutana kwa kipimo kile kile cha kulipuka. Usimpelekee mchomeleaji dumu la petroli alizibe ufa eti kwa kuwa halina kitu.

Somo hili tulilipata kwa machungu. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota, wengi wao waendesha bodaboda, wakiwa na madumu na ndoo. Lililipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Waliosimama pale walikuwa ndani ya wingu la mvuke wasiloliona. Chupa yako ya lita moja na nusu ina tabia zilezile za lori lile.

Chombo: soma maandishi ya chini

Chupa ya maji ya kunywa haiyeyuki siku hiyo hiyo ukiitia petroli, na hapo ndipo inapodanganya. Ukuta wake ni mwembamba, kizibo chake hakikutengenezwa kuzuia mvuke, ikipigwa na jua inavimba na ikibanwa na mzigo inatoboka. Isitoshe, mtoto mwenye kiu haoni petroli humo, anaona chupa ya maji. Dumu la mafuta ya kupikia lina afadhali ya ukuta, ila mfuniko wake huvuja likilala ubavu, na kwenye pikipiki kila kitu siku moja hulala ubavu.

Unapokwenda dukani, geuza dumu uangalie maandishi yaliyochorwa kwenye plastiki au chuma chenyewe. Dumu lililopimwa kubeba vimiminika vya hatari huwa na alama ya duara yenye herufi u na n, na baada yake mfululizo kama huu: 3H1/Y1.2/150. Usiuogope. Tarakimu 3 ina maana ni dumu. H ni plastiki. Ukikuta A ni chuma cha pua au cha kawaida, B ni aluminiamu. Tarakimu 1 inasema lina mdomo mdogo, yaani sehemu ya juu haifunguki yote. Herufi inayofuata ndiyo ya kuitazama: X na Y zinafaa kwa petroli, Z haifai, kwa maana petroli iko kundi la pili la hatari na Z ni ya kundi la tatu peke yake. Namba 150 ni shinikizo ambalo dumu lilijaribiwa nalo. Karibu na hapo, kwenye plastiki, kuna kiduara kama saa chenye mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Kwa taratibu za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari, dumu la plastiki hutumika miaka 5 tangu tarehe hiyo. Lililokaa juani dukani miaka minane limeshazeeka kabla hujalinunua.

Dumu la chuma nalo lina wapenzi wake. Lile la lita 20 lenye vishikio vitatu, ambalo Wajerumani walilibuni kabla ya Vita Kuu ya Pili, bado linaigwa duniani kote kwa sababu lilifikiriwa vizuri: ukilijaza kwa kawaida linabaki na nafasi ya hewa juu, na mfuniko wake hubanwa kwa wenzo badala ya kuzungushwa. Lakini likijaa lina uzito wa karibu kilo 19, na huo si mzigo wa pikipiki. Tafuta la lita 5. Kagua kutu ndani kwa tochi, wala usitumie kiberiti, na hakikisha mpira wa mfuniko haujakauka.

Wenye uwezo zaidi huagiza madumu bapa ya plastiki nene yanayofungwa kwenye bamba maalumu ubavuni mwa pikipiki, au mifuko laini ya petroli inayokunjwa ikiisha kazi. Kwa lita moja au pungufu kuna chupa za aluminiamu zinazotengenezwa kwa majiko ya kambini. Hizo ni nzuri sana kwa yule ambaye hesabu imemwambia "lita moja yatosha". Chochote utakachochagua, kiandike PETROLI kwa rangi isiyofutika, na kisitumike tena kwa maji, maziwa wala alizeti.

Kujaza

Weka dumu chini, ardhini. Usilijaze likiwa limefungwa kwenye keria, wala likiwa juu ya turubai au kiti. Petroli ikipita kwenye mpira wa pampu huzalisha umeme tuli. Dumu likiwa ardhini umeme huo unapata pa kwenda, na likiwa juu ya kiti cha pikipiki unajikusanya ukisubiri kuruka kama cheche pale mdomo wa pampu unapokaribia. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu muda wote wa kujaza, na mhudumu afungulie taratibu.

Usijaze hadi juu. Petroli huongezeka ikipata joto: lita 5 zikipanda nyuzi 20, kutoka baridi ya alfajiri hadi jua la saa nane, zinaongezeka karibu sehemu ya kumi ya lita. Kioevu hakibanwi, kwa hiyo kisipopata nafasi kitapita kwenye mfuniko au kitapasua mshono. Acha angalau sehemu moja ya kumi ya dumu ikiwa wazi. Kisha funga, futa nje kwa kitambaa, lipindue dumu dakika moja uone kama kuna tone. Tone moja sheli ni mkondo baada ya kilomita mia za rasta.

Sheli nyingi hukataa kabisa kujaza chupa na madumu ya ovyo, na mhudumu akikukatalia usimgombeze. Mwoneshe dumu lako na alama yake. Akikataa bado, nenda sheli nyingine.

Wapi pa kulifunga

Kila lita ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi. Lita 5 pamoja na dumu lake ni kilo nne na kitu. Si nyingi, ila mahali utakapoziweka patabadilisha pikipiki nzima. Zikikaa juu na nyuma kabisa ya keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unatikisika kwenye mchanga, na gari likikugonga kwa nyuma dumu ndilo la kwanza kupokea. Zikikaa chini na karibu na katikati, hutazihisi.

Mahali pazuri kwa pikipiki nyingi ni ubavuni, mbele ya goti la abiria, upande ambao ekzosi haipo. Kama pande zote mbili ziko wazi, gawanya mzigo: petroli upande mmoja, maji na vifaa upande wa pili kwa uzito unaolingana. Wengine hufunga kwenye bampa la mbele la kukinga injini. Hapo ni chini na ni katikati, lakini pikipiki ikianguka dumu ndilo linalofika chini kwanza, tena karibu na injini ya moto. Mimi sipashauri.

Mwiko ni hizi nafasi tatu: mgongoni ndani ya begi, mapajani kwa abiria, na juu au nyuma ya ekzosi. Bomba la moshi karibu na injini hufikia joto la mamia ya nyuzi. Petroli ikilidondokea, huna cha kusubiri. Ya mgongoni haina mjadala: ukianguka ukaburuzika, umejivika petroli.

Kufunga kwenyewe, usitegemee mipira ya tyubu. Ni rahisi na inanata, lakini inavutika, na petroli ikiidondokea inalainika na kuvimba ikaachia. Tumia mikanda ya nailoni yenye kikaza cha meno, miwili, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Kati ya dumu na chuma weka kipande cha mkeka wa raba au zulia. Ukifika kituo cha kwanza, kama kilomita 30 tangu uanze, simama ulitingishe dumu kwa mkono. Mikanda mipya hulegea mwanzoni. Kila usimamapo baada ya hapo, pitisha kidole nyuma ya dumu, pale linapogusana na chuma. Ukikuta unga mweupe wa plastiki, kuna bolti inalikereza, na kwa barabara ya vumbi itamaliza kazi yake siku hiyo hiyo.

Joto na mlima

Dumu hubadilika njiani. Aliyejaza Dar es Salaam usawa wa bahari, akapita bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni mchana, kisha akapanda Kitonga hadi Iringa kwenye mita 1,600 na zaidi, amelifanyia dumu lake mambo mawili kwa mpigo: amelipasha, na amelipeleka mahali ambapo hewa ya nje inalisukuma kwa nguvu pungufu. Atakuta limevimba mbavu. Hiyo si kasoro. Dumu zuri hustahimili. Kasoro ni kulifungua kwa papara.

Dumu lililovimba lifunguliwe hivi: zima injini, litoe kwenye pikipiki, liweke chini kivulini mbali na moto wowote. Funika mfuniko kwa kitambaa, geuza uso pembeni, ulegeze kidogo kidogo hadi usikie pumzi ikitoka. Ikiisha pumzi ndipo ufungue kabisa. Kisha hakikisha limeziba tena. Watu wengine hutoboa tundu dogo kwenye mfuniko ili "lipumue". Huko ni kuufungulia mvuke mlango safari nzima.

Kumimina

Kosa kubwa kuliko yote ni kusubiri tangi likauke ndipo ukumbuke dumu. Mara tu tangi linapokuwa na nafasi ya lita ulizobeba, tafuta kivuli, simama, mimina. Tangi la pikipiki lilibuniwa kushika petroli: lina chuma kinene au plastiki madhubuti, lina mahali pa kupumulia, limefungwa katikati ya fremu. Kila kilomita unayokwenda na dumu tupu ni salama kuliko unayokwenda na lililojaa, mradi tupu hilo limefungwa mfuniko.

Wahenga walisema akiba haiozi, ila wao hawakuwa wamebeba petroli. Ikikaa miezi kwenye dumu inapoteza ile sehemu nyepesi inayowashia injini asubuhi. Usirudi nayo nyumbani ukaisahau stoo.

Unapomimina, injini iwe imepoa. Dakika kumi au kumi na tano za kunyoosha miguu zinatosha kwa pikipiki ndogo. Pikipiki isimame kwa stendi ya kati, abiria ashuke na kusogea, sigara zizimwe. Tumia faneli yenye chujio. Usipokuwa nayo, sehemu ya juu ya chupa safi iliyokatwa hufaa, lakini kitambaa cha nailoni cha kuchujia ukiepuke kwa sababu ya umeme tuli. Ikimwagika juu ya injini au kiti, usiwashe. Futa, subiri ikauke, harufu iishe, ndipo upige stata.

Mkiwa wawili na mwenzako ameishiwa, msinyonye petroli kwa mdomo. Hiyo desturi ya gereji imewapeleka wengi hospitali. Tone likiingia njia ya hewa linachoma mapafu, na madhara yake huonekana saa kadhaa baadaye. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu kutapika ndiko kunakoipeleka petroli mapafuni, apelekwe hospitali. Kwa pikipiki ya kabureta kuna njia nyepesi: funga koki, chomoa mpira wa petroli upande wa kabureta, uingize kwenye dumu lililo chini, kisha fungua koki. Itatiririka yenyewe kwa uzito wake. Pikipiki ya mfumo wa sindano haina koki ya namna hiyo, kwa hiyo beba kipampu cha mkono chenye mpira. Hakizidi ukubwa wa embe na hukaa chini ya kiti.

Petroli ya chupa kijijini

Kuna siku hesabu itakataa, na utajikuta mbele ya meza yenye chupa za njano kando ya duka. Nunua, lakini kwa macho. Mwombe muuzaji chupa angavu, uiweke juani dakika chache bila kuitikisa. Maji ni mazito kuliko petroli, yatajitenga chini na utaona mstari. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi na haiachi kitu cha maana. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Nunua lita mbili tatu za kukufikisha sheli, usijaze tangi zima. Mimina papo hapo kwenye tangi kupitia chujio, usiondoke na chupa yake.

Usiku, mpakani na majini

Ukilala gesti, dumu lisiingie chumbani, wala kwenye hema kama umepiga kambi. Kumbuka mvuke unatambaa chini, na wewe umelala chini. Liache nje, kivulini, mbali na jiko, ndani ya uzio, na umwambie mlinzi ni nini ili asilisogelee na moto wa kuota.

Ukikaribia mpaka, iwe Tunduma au Namanga, mimina kwenye tangi kabla hujafika. Petroli iliyo ndani ya tangi ni ya safari; iliyo kwenye dumu inaweza kukuanzishia mazungumzo marefu na watu wa forodha. Kwenye pantoni na meli hali ni hiyo hiyo, na huko sababu ni nzito zaidi: moto ukiwaka katikati ya maji abiria hawana pa kukimbilia.

Moto ukitokea

Beba mtungi mdogo wa kuzimia moto wa unga, wa kilo moja, mahali unapofikika bila kufungua mzigo. Elekeza kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake. Usimwage maji, maana petroli huelea juu yake na moto utasafiri nayo. Mchanga mkavu hufaa kwa moto mdogo wa chini. Dumu lenyewe likishawaka, usilinyanyue wala kulipiga teke. Wengi huungua kwa sababu walijaribu kulitupa mbali wakajimwagia. Ondoka, ondoa watu, iache pikipiki iungue. Tanzania namba ya Zimamoto ni 114.

Nguo ikilowa petroli, ivue na ujioshe kabla ya kusogelea moto au kuwasha injini. Nguo ikiwaka, usikimbie: lala chini ubiringike. Jeraha la moto lipoozwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, unga na asali viache jikoni.

Hesabu ikifika lita 10

Sasa nirudi kwa yule mwenye tangi la lita 8 na pengo la lita 10. Kwake dumu si jibu zuri tena. Lita 10 ni zaidi ya kilo saba za kioevu kinachoyumba, na ni zaidi ya kilichomo kwenye tangi lake. Namshauri mambo matatu kabla ya kufunga dumu la pili. Kwanza, aangalie kama kuna tangi kubwa linalokubali pikipiki yake, kwa kuwa tangi ndilo dumu bora kuliko yote. Pili, apige simu mbele: gesti, ofisi ya kijiji, ndugu wa rafiki, mara nyingi pengo la kilomita 375 kwenye ramani lina sheli mpya katikati yake. Tatu, asafiri na mwenzake mwenye tangi kubwa, au apite njia nyingine.

Na kama hesabu yako imetoa sifuri, kama itakavyotoa kwa wengi wa Dar hadi Mbeya, dumu libaki nyumbani. Nafasi hiyo kwenye keria weka tyubu ya akiba, viraka na pampu, maana kwenye barabara hiyo yenye sheli kila mji, kitakachokusimamisha ni pancha.